Mipira tutapokea, lakini masomo nani atalipa?



Kila mara sosiete inapotaka tuiseme vizuri, inaletea bijana mipira na maillots. Batoto banafurahi, picha inapigwa, njo basi. Siye ba sendika tunaona haitoshi.

Dikembe Mutombo, kila mutu anamujua: mita 2,18, misimu 18 mu basketi ya Marekani. Lakini wengi wetu tunasahau kitu kimoja. Mu 1987, alipotoka Kinshasa, hakuitwa juu ya mupira. Alipewa bursi ya masomo, akaenda ku universite ya Georgetown juu alitaka kuwa munganga. Basketi ilikuja nyuma. Njia ya umunganga aliiacha, lakini masomo hapana: mu 1991 alimaliza na diploma ya lugha na diplomasia. Na ile hamu ya kuponya batu haikuzimika. Mu 2007, lopitali ya vitanda 300 ilifungua milango mu Masina, Kinshasa, kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Mamilioni ya dola zake mwenyewe yaliingia mule. Mutombo alitutoka mu mwezi wa tisa 2024, lopitali imebaki.

Wengine banasema: mutoto akisoma sana, ataenda na hatarudi. Mutombo alikaa Marekani, lakini lopitali aliijenga kwetu.

Hapa Kikula tuko na batoto banacheza vizuri, na jioni banasaidia badogo yao ku masomo. Ukibauliza, banajibu: nitakuwa munganga, nitakuwa injenieri. Tangu 2019 shule ya msingi ya Leta ni bure, lakini sekondari inalipwa, universite zaidi. Mushahara ukichelewa, mutoto anaacha kalasi, anaenda kuosha mawe. Zamani Gécamines ilikuwa na mashule na malopitali juu ya jamaa za bafanyakazi. Ile wakati ilipita, lakini leo sheria iko.

Code minier ya 2018 inasema kila sosiete inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka juu ya maendeleo ya bakaaji wanaoguswa na kazi yake. Tena bakaaji banapashwa kuwa na bajumbe mu kamati inayosimamia ile feza. Ile si zawadi, ni haki yetu.

Basi tunaomba sehemu yake iwe bursi, kila mwaka. Majina ya batoto bachaguliwe kwa pointi na kwa shida ya nyumbani, halafu yabandikwe ku mulango wa komini, kila mutu ayasome. Mutoto wa mukubwa asipite mbele.

Na siye bazazi, tusimutoe mutoto mu kalasi juu ya falanga za siku moja, wala juu amefunga magoli mingi.

Mipira tutapokea, na aksanti. Lakini bajumbe wetu mu ile kamati baulize kwanza: mwaka huu, batoto wangapi mumebalipia masomo?