Kipimo cha Dawa ni Elimu

Ndugu mzazi wa Mtua, binti yako anapoomba kusomea ufamasia Muhimbili, usidhani amechagua kuuza duka la dawa. Katika miaka 4 ya shahada atafundishwa famakolojia, yaani elimu ya namna dawa inavyotenda kazi mwilini na namna mwili unavyoiondoa. Parasetamoli ile ile itulizayo homa huliharibu ini ikizidi kipimo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila maradhi yana dawa yake, kuijua dawa hiyo na kipimo chake ni kazi ya wenye elimu. Basi fedha za korosho zisiishie zote kwenye ngoma. Tumsomeshe binti huyu, kwani wagonjwa wa Nachingwea na Ruangwa wanamhitaji. Wallahu a'lam.