Daraja Limesimama, Skuli Je?

Wazee wetu walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo, ndugu wasomaji, nataka tuupime usemi huu kwa mji ulio mbali nasi, lakini uliojengwa kwa mawe kama miji yetu ya kale: Mostar, katika nchi ya Bosnia.

Mji huo umekatwa na mto Neretva. Mwaka 1566, zama za dola ya Uthmaniya, ulijengewa daraja la mawe la tao moja. Likavusha watu miaka 427, hata tarehe 9 Novemba 1993 mizinga ya Wakroati wa Bosnia ikaliangusha mtoni. Vita vya nchi nzima vilikomeshwa na mkataba wa Dayton, mwaka 1995.

Ndipo wageni wakaja. UNESCO, Benki ya Dunia, na serikali za Uturuki, Uitalia, Uholanzi na Kroatia yenyewe zilisaidia. Wazamiaji wa jeshi la Hungaria waliyaopoa mawe, na tarehe 23 Julai 2004 daraja likafunguliwa upya. Nani asiyeisifu kazi hiyo?

Lakini mimi hujiuliza: anayelivuka, huenda wapi? Mwaka ule ule wa 2004 skuli kongwe ya sekondari ya mji huo iliwekwa chini ya uongozi mmoja. Hata hivyo watoto wa Kiislamu na wa Kikroati wakabaki na mitaala miwili, kila upande na wake. Tena, baada ya 2008 wakazi hawakuchagua madiwani miaka kumi na miwili, kwa kuwa vyama vikubwa havikuafikiana juu ya sheria ya uchaguzi.

Aliyelifungua fundo hilo ni mwenyeji. Irma Baralija, mwalimu na mwanasiasa wa mjini humo, aliishtaki nchi yake mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, akashinda mwaka 2019. Mwaka uliofuata, huku wajumbe wa kigeni wakihimiza, vyama vikapatana, na kura ikapigwa Desemba 2020.

Hapo ndipo ninapouona ukweli wa usemi wetu. Mgeni aliponya pale mwenyeji alipokwisha kusimama kudai haki yake. Basi wafadhili waendao kujenga upya nchi zilizovunjwa na vita wawatafute watu kama hao mapema. Na wakishayapima mawe ya daraja, waingie skuli, wahesabu ni watoto wangapi wa pande mbili wanaokaa dawati moja.