Shingo na bidoni

Shingo ina pingili 7 tu, nazo hubeba kichwa chenye kilo 5 hivi. Mama wa Kisenge, mji uliokua kwa madini ya manganizi, akijitwika bidoni ya maji ya lita 20 huziongezea pingili hizo kilo nyingine 20. Maumivu mengi ni ya misuli iliyokazana, na hupungua ndani ya wiki chache. Kulala kutwa hakusaidii: shingo igeuzwe polepole kulia na kushoto, ikandwe kwa kitambaa cha maji ya moto, mto usiinue kichwa sana. Kuialisha shingo kwa kinyozi ni ujasiri usio na faida. Mkono ukifa ganzi au kulegea, huenda ni mshipa wa fahamu uliobanwa; homa ikija na shingo ngumu, huenda ni homa ya uti wa mgongo. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.