Jikoni Juma Hili: Peremende za Kikohozi

Tangu mvua zianze wake kadhaa wa askari wameniuliza namna ya kutengeneza peremende za kikohozi nyumbani. Sishangai. Kikohozi humfichua mlinzi lindoni, na katika nyumba zetu za kambini, ambamo jamaa nzima hulala chumba kimoja, kikohozi cha mmoja huwakesha wote.

Kabla hatujawasha jiko, nawauliza: huyo anayekohoa ameanza lini? Nina sababu ya kuuliza. Miaka kadhaa iliyopita nilimfundisha jirani yangu mapishi haya, naye akawa akimpikia mumewe kila juma. Askari yule alizitia peremende mfukoni, akaenda zamu, akarudi, akaendelea kukohoa. Mwezi wa pili suruali ikawa haikai kiunoni. Alipopimwa makohozi alionekana ana kifua kikuu, na mtoto wao mdogo kadhalika. Walipona wote wawili kwa dawa za miezi sita, lakini sijasahau kwamba peremende zangu ndizo zilizowachelewesha. Basi, kikohozi kikitimiza majuma mawili, ama kikija na damu, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, mtu aende zahanati. Hapa Uganda vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Peremende haiponyi. Hutoa mate tu, nayo mate yaliyochanganyika na sukari na asali hulifunika koo, mwasho ukatulia kwa muda. Usiku wa manane hilo si jambo dogo.

Twaa tangawizi mbichi ya ukubwa wa vidole viwili, uioshe, uikune, uichemshe katika kikombe kimoja cha maji kwa dakika 10, kisha uchuje. Nusu kikombe ya maji hayo itie katika sufuria nzito pamoja na vikombe 2 vya sukari, robo kikombe ya asali, na vijiko 2 vya maji ya ndimu. Ndimu si ya ladha pekee. Ukali wake huizuia sukari isirudi kuwa chengachenga. Koroga mpaka sukari iyeyuke yote, kisha weka mwiko chini na usiuguse tena. Makaa yawe ya wastani, kwani asali huungua upesi.

Kazi yenyewe ni kujua wakati wa kuipua. Weka karibu nawe bakuli la maji baridi, udondoshe humo tone moja kila baada ya dakika chache. Mwanzoni tone litakuwa laini kama ulimbo, baadaye litapinda, mwisho litavunjika kama kioo. Hapo ipua mara moja. Mwenye kipimajoto cha sukari husubiri nyuzi 150 hivi, lakini aliye Kabale, huko milimani ambako maji huchemka kabla ya nyuzi 95, kipimo hicho kitamfanya aiunguze. Wala usifuate rangi, maana sukari yetu ya Kakira ama Lugazi mara nyingi huwa ya kahawia tangu dukani.

Mimina kwa kijiko, tone moja moja, juu ya sinia lililopakwa mafuta. Watoto wawe nje: sukari hiyo ni moto kuliko maji yachemkayo, tena hunata ngozini. Ikimwunguza mtu, mahali hapo pamwagiwe maji baridi yatiririkayo kwa dakika 20, pasipakwe siagi wala dawa ya meno.

Wako wanaonihimiza nitie mafuta ya mkaratusi. Sitii. Yakimezwa ni sumu, na kiasi kidogo tu humdhuru mtoto.

Mtoto wa chini ya miaka 4 asipewe peremende, itamkaba. Aliyepita mwaka mmoja anywe kijiko cha asali katika maji vuguvugu. Wa chini ya mwaka asionjeshwe asali hata kidogo. Mgonjwa wa kisukari naye aziache. Wala msimkimbilizie mtoto dawa yoyote ya maji ya dukani bila ya mganga kuiona: mwaka 2022 nchini Gambia watoto wapatao 70 walifariki figo zikiwa zimeharibika, na dawa za namna hiyo, zilizokutwa na kemikali za sumu, zikahusishwa na vifo hivyo.

Peremende zikipoa, zigaragaze katika sukari iliyotwangwa laini, uzifungie katika chupa kavu yenye kifuniko, kwani hunyonya unyevu na kugandana. Sufuria iliyoshikwa na sukari usiikwangue. Ijaze maji uichemshe, itajisafisha yenyewe, na maji hayo, yakiwa hayakuungua, yanafaa chai ya jioni.