Sabaki Ikishuka Nyekundu

Mto tuuitao Sabaki ndio Athi ya bara, na ukishapita Tsavo huitwa Galana. Njiani hupokea Mto Nairobi pamoja na taka za viwanda na maji machafu ya jiji. Nasi, kutoka visima vya Baricho kandokando yake, Malindi, Kilifi hadi Mombasa twanywa na kutawadha. Masika ukijaa, udongo wa Ukambani huishukia ghuba ya Malindi, hata kwenye matumbawe yaliyohifadhiwa tangu 1968. Maji yakivurugika hivyo, mvuvi hurudi na kidogo, na mama karanga hana cha kukaanga. Lakini tusiwalaumu wa bara peke yao. Hapa Kaloleni ni nani achomaye makaa na kuzoa mchanga mitoni?