Kwa Nini Sikio Hupenda Redio ya Ushabiki

Mji wa Busia umekatwa kati na mpaka wa Kenya na Uganda, lakini sauti ya redio haikaguliwi forodhani. Mwenye duka wa Busia, sawa na dereva wa lori angojaye zamu yake Malaba, wilayani Tororo, aweza kuzisikiliza stesheni za dola zote mbili kwa saa moja. Pamoja na hiari hiyo, wengi huipita idhaa ya taifa isomayo habari kwa utulivu, wakamtafuta mtangazaji wa chama au kabila, atoaye hukumu kabla ya ushahidi. Tuulize sababu kabla ya kulaumu.

Sababu ya kwanza si uovu wa watu. Mtangazaji mshabiki humwita msikilizaji kwa jina, hupokea simu yake, na humwambia kuwa dhiki yake yajulikana na aliyeileta ajulikana pia. Ilhali idhaa za serikali kwa miaka mingi zilimhesabu kuwa mtu wa kuarifiwa safari za wakubwa, asiulizwe neno. Uganda ilipofungulia mawimbi stesheni za binafsi mwaka 1993, na kuanzia 2000 ikazuka mijadala ya hadhara iitwayo ebimeeza, watu walihudhuria kwa kuwa walipata pa kunena. Serikali ikaipiga marufuku Septemba 2009, baada ya ghasia za Buganda.

Sababu ya pili imo nafsini mwetu. Tuhuma juu ya hasimu haimtaki msikilizaji kazi yoyote, kwani humpa haki yote akiwa ameketi. Bali maelezo ya pande mbili humlazimisha apime, na kupima ni taabu.

Lakini raha hiyo ina gharama, na mara nyingi hulipwa na asiyeionja. Ripoti ya Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza fujo za baada ya uchaguzi wa Kenya, mwaka 2008, ilitaja malalamiko juu ya redio za lugha za kienyeji zilizodaiwa kuchochea chuki wakati wa uchaguzi huo wa Desemba 2007. Na fujo zilipowaka, njia zikafungwa, malori yakakwama, na Waganda, wasiokuwa na kura katika uchaguzi ule, wakakosa petroli Januari 2008.

Dawa si kuziba vinywa, wala utulivu si lazima uchoshe. Leonard Mambo Mbotela alianza kipindi chake "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966 katika redio ya taifa ya Kenya, akapendwa kwa miongo mingi pasipo kutukana kabila wala chama, kwa sababu aliwazungumzia watu mienendo yao wenyewe. Idhaa za taifa, KBC ya Kenya na UBC ya Uganda, na zifuate njia hiyo: ziwaulize wachuuzi wa mpakani habari za ushuru na magendo, kisha ziwaite maofisa wajibu mbele yao. Nanyi wasikilizaji, mtu akituhumiwa redioni, msimhukumu mpaka mmelisikia jawabu lake; na stesheni isiyompa nafasi ya kujibu iacheni, kwani kadhi asikiaye upande mmoja hana hukumu.