AFYA YA NYUMBANI: Vivimbe vya Kichwani na Kupungua kwa Nywele

Mara nyingi mtu apakapo maji kichwani wakati wa kutawadha, au anyolewapo na kinyozi, hugundua kinundu kigumu cha mviringo chini ya ngozi. Hakimwumi wala hakimwashi, lakini hofu humwingia: je, hii ni saratani? Na nywele je, zitakwisha? Mwezi huu twapenda kuyajibu maswali hayo mawili.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kivimbe cha namna hii aghalabu si saratani. Chanzo chake ni ngozi inayolizunguka shina la unywele. Ngozi hiyo hufanya kifuko, na ndani yake hukusanyika keratini, yaani kitu kile kile kifanyacho nywele na kucha. Kifuko hujaa polepole, kwa miezi na miaka. Katika kila vivimbe 100 vya aina hii, 90 hivi huota kichwani. Huwapata watu wazima kuliko watoto, na wanawake kuliko wanaume. Tena mara nyingi hurithiwa, basi si ajabu kuviona kwa mama na kwa bintiye. Havitokani na uchafu, wala havitokani na ushungi.

Ama nywele, kivimbe hakimtii mtu upara wa kichwa kizima. Kikuapo huivuta ngozi iliyo juu yake na kuibana mizizi, nywele za mahali pale tu zikapungua. Mwenye kupukutika nywele kichwa kizima na atafute sababu nyingine.

Kinacholeta kipara cha daima ni mikono yetu wenyewe. Mwenye kukiminya kivimbe, au kukitoboa kwa sindano au wembe, hukipasua kifuko; ngozi ikavimba, usaha ukaingia, na mwisho wake likabaki kovu. Juu ya kovu nywele hazioti. Wala kivimbe hakikwishi, kwani ukuta wa kifuko ukibaki hujaa tena. Daktari hutia dawa ya ganzi, akakitoa kifuko kizima pamoja na ukuta wake, na kwa kawaida mgonjwa hurejea nyumbani siku ile ile.

Wazazi wazingatie jambo moja zaidi. Mtoto akiwa na uvimbe laini kichwani, wenye kutoa usaha na nywele zikikatika, huenda yakawa ni mapunye makali. Hayo hutibiwa kwa dawa ya kumeza, wala hayafai kupasuliwa. Asipotibiwa mapema, mahali pale paweza kubaki kipara maisha yake yote.

Basi kivimbe kisichouma chaweza kuachwa kama kilivyo, baada ya daktari kukitazama. Na kinyozi aambiwe kabla hajashika wembe. Lakini kikikua upesi, kikiuma, au kikitoka damu, mtu asingoje: aende hospitali.